Bomba la Ekzosi Juu ya Kichwa cha Tessa

Zimeni hiyo televisheni, wanangu, mje mkae hapa karibu na kitanda, wewe Curtis upande huu wa dirisha ambako nitakuona uso, na wewe Lyle pale miguuni, na Tessa mjukuu wangu akae popote apendapo, kwa sababu leo yeye ndiye mwenye haki kuliko sisi sote. Nesi amesema nisiongee sana. Nesi ni mtu mwema, lakini hajui nilichoonyeshwa asubuhi hii, na angekijua angeniletea nyundo. Pumzi niliyobakiwa nayo ni kidogo, na nilikuwa nimeiwekea maneno mazuri, ya mama yenu Opal na ya miaka tuliyokaa katika nyumba hii, sasa mmenilazimisha niitumie kugomba.

Mambo madogo kwanza. Nyumba na ekari zilizo nyuma yake ni zenu wawili, sawa kwa sawa, na msiziuze kabla mahindi hayajavunwa, maana jirani Stoltz amelima humo kwa makubaliano ya mdomo kati yake na mimi, na sitaki mtu aseme neno la Harlan Pruitt lilizikwa pamoja naye. Vyombo vya mama yenu vya maua ya buluu achukue mke wa Lyle. Mashine ya kukerezea chuma ni ya Curtis, ingawa tangu asubuhi natamani kuitupa mtoni kuliko kukupa wewe.

Sasa gari.

Asubuhi Tessa alikuja hapa na simu yake, anacheka, akaniambia, "Babu, gari tumelipunguza uzito. Baba mkubwa Curtis amelipunguza mpaka Jumamosi tutashindana kwenye daraja letu bila uzito wa ziada." Akanipa picha. Nikaiona Chevrolet yangu ya mwaka hamsini na tano, na jina lake mlangoni, Hasira za Opal, kama nilivyoliandika mwenyewe kwa brashi, na ndani yake nikakiona kizimba cha chuma kinachomzunguka dereva, kile cha kumkinga gari likipinduka. Nikakitazama, nikasema, mbona bomba hili limepinda vizuri hivi kwenye kona, laini kama shingo ya bata? Bomba la kizimba halipindi hivyo kwa mashine yetu ile kuukuu. Nikamuuliza mtoto, "Mmelitoa wapi?" Akasema, bila kujua anasema nini, "Kwa yule jamaa wa ekzosi, Babu."

Ekzosi. Curtis, nitazame. Mwana wa ndugu yako anakwenda kukimbia robo maili kwa kasi ambayo wewe hujawahi kuionja, na juu ya kichwa chake umeweka bomba jembamba la kutolea moshi.

Usiniambie uzito. Najua uzito, nilikuwa napunguza uzito wa magari kabla hujaota meno. Daraja letu linataka gari na dereva wake ndani wasipungue ratili elfu tatu, ukipungua unarudishwa nyumbani, na ukizidi, kila ratili iliyozidi unaiburuta mbele ya watu wote. Mlilipeleka kwenye mizani ya ghala la mahindi, mkaona limezidi karibu ratili mia moja na hamsini, mkashtuka. Mpaka hapo sina ugomvi nanyi. Lakini baada ya hapo mlifanya nini? Ukashika simu, ukatafuta uzito wa Chevrolet ilipotoka kiwandani, ukaondoa uzito wa viti kwa hesabu ya kichwa, na wa bampa kwa hesabu ya kichwa, kama mnunuzi mpumbavu anayekadiria ng'ombe kwa kumtazama machoni, kisha ukaamua kwamba kilichozidi lazima kiwe kizimba.

Katika nyumba hii hatukadirii hivyo. Mnalijua lile beseni la kuogea pale bandani, lililokaa juu ya mizani. Kila kitu tulichong'oa kwenye gari hilo kiliingia mle kabla ya kutupwa, tukakipima, na mama yenu hakuruhusu mtu kutaja namba mezani kama kitu hakijapita mle. Mtu alikuwa akijigamba kwamba amepunguza hiki na kile, Opal anaendelea kupakua viazi, anamuuliza tu, "Kimeingia kwenye beseni?" Wapinzani wetu walikuja kuliiga neno hilo, nikalisikia likisemwa viwanjani na watu wasiojua hata beseni lenyewe liko wapi. Sasa nawauliza ninyi mliozaliwa nalo: yale mabomba ya zamani mliyoyakata, yaliingia kwenye beseni?

Nyamaza, Lyle. Jibu nalijua. Yangeingia, mngeona kwamba kwa kazi yote ile mmepata ratili sitini, na mngekuna vichwa mkajiuliza uzito uliobaki umejificha wapi. Haukujificha. Fungueni buti, inueni zulia, nyuma kabisa ya ekseli kuna pande la risasi, ile risasi nzito ya betri, nililolifunga kwa bolti nne mchana kweupe, ili matairi ya nyuma yaume barabara wakati wa baridi. Kila mkaguzi analijua. Lina uzito unaomzidi Tessa. Mngeniuliza, mngechukua spana moja na dakika chache, mngesogeza betri nyuma ishike nafasi yake, na kazi ingekwisha. Hamkuuliza kwa sababu mlisema mzee yuko kitandani, amechanganyikiwa na dawa. Miguu ndiyo iliyokufa. Kichwa hiki bado kinahesabu.

Tessa, sogea unisikie, haya nakuambia wewe. Ukitaka kulipunguza gari, anza na vitu visivyombeba mtu. Toa hita, toa redio, toa kiti cha nyuma, vioo vya madirisha weka vya plastiki. Lami ya kuzuia kelele iliyopakwa sakafuni mwagia barafu kavu mpaka ipasuke kama ganda la yai, uikwangue, ndivyo bibi yako alivyofanya, amepiga magoti humo ndani anatukana kwa lugha ambayo mchungaji hakuwahi kuisikia kwake. Anza mbele, kwa sababu uzito wa mbele ndio unaoyanyima nguvu matairi ya nyuma. Kinachomshika mtu usikiguse, hata kama jirani yako amekigusa na amekushinda.

Mjomba wenu Emmett alikigusa. Hamkumwona, mmeona picha yake tu pale ukutani, anacheka. Alikuwa ndugu wa Opal, fundi kuliko mimi, na alikuwa na ugonjwa wa keekee, akiona chuma anatoboa. Alitoboa pedali, akatoboa mabano ya kiti, kisha akaitoboa ile mikono inayoishika ekseli ya mbele, matundu yamejipanga vizuri, kingo amezisugua zikang'aa. Nilimwambia arudishe mikono mizima. Akanipiga bega, akasema, "Shemeji, tundu halina uzito. Wewe unaogopa hata hewa." Nikamwambia, "Hewa haishiki gurudumu, Emmett." Akacheka, akapanda. Mkono wa ekseli ukakatika mwisho wa robo maili, pale mtu anapokanyaga breki. Tangu siku ile nina hasira naye, na sina nia ya kumsamehe kwa sababu tu tunakaribia kuonana.

Baada ya mazishi Opal hakulia mbele yangu. Alikwenda bandani na kichupa chake cha rangi ya kucha, nyekundu, akazunguka gari letu akitia nukta kwenye kila kitu kinachomshika mtu: usukani, mabano ya kiti, mikanda, mikono ya ekseli, kila kona ya kizimba. Akarudi jikoni, akaniambia, "Penye nukta yangu keekee isifike, wala msumeno. Ukifika, mimi sipo hapa." Nilizeeka nikifanya kazi katikati ya nukta zile. Curtis, ulipokata mabomba yale, uliziona. Usitazame sakafuni. Uliziona, ukajua ni mkono wa nani, ukawasha msumeno.

Na bado hilo silo lililonichoma zaidi.

Kwenye picha ya tatu niliona kipande kimoja cha bomba la zamani, pale karibu na bega la dereva, kimechomelewa katikati ya lile jembamba. Mwanzoni sikuelewa. Kisha nikaona kile kitundu kidogo, tundu la mkaguzi, linalotobolewa ili apenyeze kipimo ajue unene wa chuma. Umekirudisha kipande kile kile chenye tundu, Curtis. Mkaguzi apime hapo, aone chuma kinene, abandike karatasi yake, ampungie mtoto mkono aende. Maana yake ulijua. Mpumbavu ningemfundisha, nami nilikuwa mpumbavu, sikusoma shule ya ufundi, nimejifunza kwa kuungua vidole. Lakini wewe ulijua bomba lile halifai, ukamficha mtu wa pekee ambaye angemzuia Tessa asipande. Katika maisha yangu nimeshindwa na magari mabovu mbele ya watu niliowachukia, nikarudi nyumbani na hasira zangu, lakini hakuna mkaguzi aliyewahi kukuta kwangu kitu ambacho sikumwonyesha mimi kwanza.

Unasema nini? Sema kwa sauti. Ulitaka nilione likishinda kabla sijafa. Ndiyo. Nimesikia. Sasa nawe nisikie. Nikiishi mpaka Jumapili na mtoto huyu asiishi, utakuwa umenipa zawadi gani?

Na wewe Lyle, unalia nini? Binti ni wako. Ulishika taa ndugu yako akichomelea, najua, maana wewe daima ndiwe mshika taa. Siku moja katika maisha yako mwambie kaka yako hapana. Ianze leo.

Niinueni kidogo. Hivyo. Maji, basi. Yatosha.

Gari ni la Tessa. Si la Curtis, si la Lyle, wala si la ukoo. Karatasi za umiliki nilizitia sahihi asubuhi, nesi ni shahidi. Anayekaa ndani ndiye atakayesema nini kikatwe, na mwanamume yeyote katika nyumba hii atakayewasha msumeno bila ruhusa yake hana sehemu katika baraka zangu. Juu ya dari ya banda kuna mabomba mapya, ya unene halali, niliyanunua kabla sijaanguka. Curtis, wewe utakikata kizimba chako kwa mkono wako mwenyewe, chote, na kipande cha mkaguzi nacho. Lyle atachomelea, ana mkono mtulivu kuliko wako akiachiwa. Tessa atasimama na spana agonge kila bomba kabla halijapanda, nene linaitika kwa sauti nzito, jembamba linalia kama kengele. Muda usipotosha, Jumamosi hamwendi. Mashindano yatakuwepo mwakani. Mimi sitakuwepo, na si kitu.

Mnizike kwa Opal, upande wa kushoto, amezoea nilale huko. Mchungaji aseme kwa ufupi.

Tessa, nipe mkono. Mungu akupe barabara kavu, na breki, na uzee. Uzee hasa. Lyle, upewe sauti. Curtis... wewe ni mwanangu wa kwanza. Nimekasirika nawe na nitakufa nimekasirika, lakini mkono wangu huu, chukua, uweke kichwani kwako. Hivyo. Umebarikiwa. Ondoka sasa.

Nendeni wote. Fungua dirisha, Tessa, lile la upande wa banda. Liache wazi, baridi hainidhuru tena. Sitalala mpaka nisikie msumeno.

Mbona kimya... cheche naziona... Curtis... mbona sisikii kitu.