Dawa Ndani ya Mafuta

Debora hakupanda basi la Mikumi ili kusikiliza habari za maini ya watu, lakini mwalimu mstaafu aliyekaa mbele yake alikuwa na sauti ya darasani. Tangu Kilosa alikuwa akimweleza jirani yake, mfugaji aitwaye Koileken, kwamba ini lake limejaa makovu, limekuwa gumu kama soli. Ila amesikia kwenye redio moja mpya ya mtu binafsi kwamba Wazungu wanajaribu dawa. "Wanaifunga ndani ya vitone vya mafuta, vidogo hata havionekani. Vinakwenda moja kwa moja kwenye kovu."

"Mafuta ya kondoo?" Koileken aliuliza.

"Ya maabara, bwana!"

"Sisi dawa ya magome tunainywa na mafuta ya kondoo tangu enzi za babu, na hatujatangaza redioni."

Debora akaziba mdomo kwa khanga.

"Hujanielewa. Haya yanajua njia."

"Hata ng'ombe wangu wanajua njia ya zizini, mwalimu, lakini huishia kwenye mahindi ya watu."

Debora, ambaye analima mahindi katika kijiji cha Ulaya, hukohuko Kilosa, alikubali kimoyomoyo kwamba hapo kasema kweli.

"Na hiyo dawa itafika lini huku?" Koileken aliuliza.

"Wanasema labda miaka ishirini."

Koileken akalitazama tumbo la mwalimu lililovimba chini ya shati, kama anavyotazama ng'ombe mnadani. "Na hili umeshaliambia lisubiri?"

Basi likasimama Mikumi. Mwalimu alijibu, lakini kwa mara ya kwanza tangu Kilosa aliongea kwa sauti ndogo, na Debora hakusikia kitu.