Fundi Tone Akabidhi Gazeti Lake

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Fundi Tone atarudisha ufunguo wa karakana, atavua ovaroli yake ya buluu na kuwa mstaafu rasmi. Wenzake tumefurahi, tumehuzunika, na tumeingiwa na wasiwasi kidogo, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua ile redio ya karakana hupigwa kofi upande gani ndipo iwake. Wasifu huu wa kusomwa kwenye hafla ya kumuaga ulikuwa umeshaandikwa mapema, wenye heshima zake na ukavu wake. Halafu yakatokea ya Jumanne iliyopita. Nimeuchana, nimeanza upya, kwa furaha.

Kwa wageni waliofika leo, kitengo chetu ni kliniki ya macho inayotembea, na kliniki yenyewe ni trela ya faibaglasi, nyeupe, yenye mgongo wa mviringo, ambayo tangu siku yake ya kwanza iliitwa Yai. Sehemu ya mbele tunapimia macho, sehemu ya nyuma tunalala. Gari hulikokota Yai hadi mahali ambapo hakuna zahanati wala chumba cha kuazima, tunalifunga breki, tunafungua mlango, na watu wanaanza kupanga foleni. Mimi ninayeandika haya ni muuguzi, na usingizi wangu mwingi wa utu uzima nimeulala ndani ya Yai.

Fundi Tone alitoka kwenye kiwanda kidogo cha matangi ya maji ya faibaglasi. Siku ya usaili, jopo lilimwuliza swali la kwanza, akaomba radhi akachungulie kidogo hiyo trela inayozungumziwa. Walipochoka kusubiri wakamfuata uani, wakakuta miguu miwili tu imetokeza uvunguni mwa trela. Kutoka kule chini sauti ikawaambia kwamba kama tangi linaweza kuzuia maji yasitoke, basi na hili Yai litazuia yasiingie, ila wamtafutie brashi ya waya na grisi. Hakuna aliyekumbuka kumwuliza swali la pili. Alianza kazi akiwa amelala chali.

Jina la Tone alilipata kwa tabia yake ya kutovumilia kitu kinachodondoka. Bomba likidondosha kwenye choo cha ofisi, anaacha kikao. Kwenye harusi yangu mwenyewe, katikati ya hotuba ya mjomba wangu, aliinuka meza ya mbele akapotelea jikoni, akarudi mikono imelowa na uso umetulia. Wakwe zangu walidhani ni mpishi. Mpaka leo mama mkwe akiharibikiwa na bomba huniuliza yule mpishi wenu yupo?

Kazi yake aliifanya kwa mkono na sikio. Tukirudi safari, kabla hatujashusha mabegi, yeye keshaweka kiganja kwenye vikombe vya magurudumu kuona kama beringi zimepata moto. Anagonga sakafu kwa mpini wa bisibisi akisikiliza plaiwudi inasemaje. Kisha anapitisha kidole taratibu kwenye ule mshono mrefu unaozunguka kiuno cha Yai, pale nusu ya juu na nusu ya chini zinapokutana, na ole wake dereva akikutwa na ufa mpya. Faibaglasi aliitibu kama tunavyotibu kidonda: alikwangua mpaka penye uzima, akasafisha, akaweka kitambaa cha nyuzi na resini, akasubiri ikauke ndipo apige msasa. Haraka haraka, alikuwa akisema, ni ya wazima moto.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye gazeti. Kila tengenezo la Fundi Tone lilimalizika kwa mtihani mmoja, nao haukuwahi kubadilika. Madirisha yote yanafungwa. Yeye anaingia ndani na gazeti la siku hiyo, anaketi kitandani, analikunjua magotini. Sisi tulio nje tunashika hozi na kulimwagia Yai maji juu, pembeni, kwenye madirisha, kwenye mshono, bila huruma. Yeye anahama kona hadi kona na gazeti lake. Tone moja likianguka, analizungushia penseli na kugonga ukuta kwa ngumi, sisi tunafunga maji, kazi inarudi mwanzo. Gazeti likitoka kavu, anafungua mlango na kutusomea kwa sauti matokeo ya mpira, na hapo tunajua safari ipo. Ofisi nzima iliiga. Siku hizi hata mhasibu akiletewa bajeti huuliza kwanza kama imeshasomewa gazeti.

Mtu mwingine kuketi kwenye kile kitanda, hapana. Tulimwomba, tukamtania, tukajaribu hata kumzidi ujanja kwa kumwahi mlangoni. Alisema sisi wengine tuna huruma, na mwenye huruma akiona tone atajipa moyo kuwa ni jasho lake.

Nisimpambe kupita kiasi, maana na yeye alishawahi kuingia mkenge, tena sote pamoja naye. Kuna msimu tulilala ndani wanne, na kila tukiamka kuta zimelowa, magodoro yanatoa maji. Tone alikuja na silikoni. Akaziba paa. Asubuhi, maji. Akaziba mshono, akaziba vizibo vya riveti, akaziba hata tundu la ufunguo. Kadiri alivyoziba ndivyo tulivyozidi kulowa, na gazeti lake, mchana, likitoka kavu kama biskuti. Alikonda. Shemeji, yaani mkewe, alitupigia simu kuuliza tumemfanya nini mume wake. Mwishowe akaamua kulala humo na sisi, na alipoamka akapitisha kidole ukutani, akatutazama mmoja mmoja tukikoroma, akaanza kucheka peke yake. Yai lilikuwa halivuji hata kidogo. Maji yalikuwa pumzi zetu, zimegonga ukuta wa baridi na kukosa pa kutokea, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameziba kila kitundu. Kesho yake alitoboa paa na kuweka kofia ya kupitishia hewa, akatutangazia kwamba trela ni nzima, wanaovuja ni sisi.

Sasa mwaka huu. Mkurugenzi alitwambia kikaoni, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba Yai litauzwa Fundi Tone atakapostaafu. Hakusema ni bovu. Alisema linaishi kwa sababu ya mtu mmoja, na huyo mtu anaondoka. Tungehamia kwenye vyumba vya kuazima mijini, na wale wa kule kusiko na chumba cha kuazima wangejitahidi kutufuata. Mimi nilimfikiria bibi mmoja aliyepimwa macho kwetu na kuvishwa miwani, akakaa kwenye ngazi ya Yai akihesabu majani ya mti wa jirani kwa sauti. Huyo hawezi kutufuata popote. Tone aliuliza jambo moja tu: likionekana linaweza kuishi bila yeye, je? Mkurugenzi akasema basi aonyeshwe.

Miezi iliyofuata karakana iliwaka moto. Aling'oa sakafu yote iliyochoka, akaweka plaiwudi mpya iliyopakwa resini pande zote mbili. Akabadilisha ekseli iliyolegea. Kila asubuhi tukifika kazini tunakuta jambo jipya, tunaitana kama watoto: njooni muone! Na mara hii hakuwa peke yake. Alimwita fundi umeme wetu, dada tunayemwita Chaji, akampa nyaya zote za Yai, na dada huyo hakulaza damu. Zile taa za nyuma zilizokuwa zikififia kila dereva akikanyaga breki, ambazo tulishazibadilishia balbu mara nyingi, Chaji aliziacha kama zilivyo, akaingia uvunguni, akakwangua kutu pale waya unapofungwa kwenye chesisi, na taa zikawaka vizuri. Akapandisha paneli za sola juu ya paa, akaweka betri mpya, taa zisizokula umeme, jokofu dogo la dawa za macho, na feni pale penye ile kofia ya hewa. Kofia yenyewe Tone aliifunga tena kwa mkono wake, maana paa, alisema, ni lake.

Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya gazeti. Mkurugenzi alikuja, amevaa viatu ambavyo si vya kwenye maji. Hozi zikawa tayari. Fundi Tone alifika mlangoni mwa Yai na gazeti kwapani, akasimama. Halafu akageuka, akamnyooshea Chaji gazeti na penseli, akamwambia, "Ingia, binti yangu. Leo hozi nashika mimi."

Chaji aliliangalia lile gazeti kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, akaingia, akafunga mlango. Na Tone akamwaga maji. Jamani, alimwaga! Hakuna kati yetu aliyewahi kulipiga Yai kwa hasira ile. Alilizunguka, akapanda ngazi, akalenga kila riveti, akarudi kwenye mshono, ovaroli yote imemganda mwilini. Sisi tulisimama tukiomba kimoyomoyo tusikie matokeo ya mpira.

Tukasikia ngumi ukutani.

Mara moja, halafu mara ya pili, kwa nguvu. Dereva alishika kichwa. Mimi nilimtazama Mkurugenzi, nikaona anatazama chini, nikajua Yai limekwisha. Chaji alifungua mlango, gazeti mkononi, akasema mbele ya wote kwamba kuna tone moja, kwenye kofia ya hewa, skrubu ya upande wa kushoto. Skrubu ya Fundi Tone mwenyewe. Tone dogo, dogo kuliko punje ya dengu, limezungushiwa penseli vizuri.

Fundi Tone alitupa hozi chini, na maji yakamrukia Mkurugenzi magotini. Alipiga yowe ambalo sisi wengine tulidhani ni la uchungu. "Amegonga!" alisema. "Mmesikia? Amegonga!" Alimshika Chaji mabega, akamtikisa, akacheka huku machozi yakimtoka waziwazi, na tulishindwa kuyatofautisha na maji ya hozi. Chaji akajaribu kuomba radhi, mzee akamkatiza. Akamwambia yeye angejisikia vibaya kama Chaji angenyamaza kwa kumheshimu, maana heshima ya namna hiyo ndiyo ingeliozesha Yai sakafu ndani ya masika mawili.

Kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akakunja mikono, akakataa kugusa kitu. Chaji alipanda paani mwenyewe. Aliifungua ile skrubu na nyingine zote za kofia, akakuta mkanda wa gundi umepinda chini yake, akausafisha wote, akaweka mpya, akazikaza skrubu kwa kubadilisha pande. Akashuka, akaingia ndani tena na ukurasa mkavu. Mara hii hozi alishika Mkurugenzi. Ndiyo, Mkurugenzi wetu, suruali imekunjwa, viatu vimekufa, akimwaga maji na kuuliza kila dakika kama amelenga sawa.

Mlango ulipofunguka, Chaji alisoma matokeo ya mpira yote, pamoja na ya ligi ambazo hakuna anayezifuata. Tulipiga kelele mpaka majirani wakachungulia ukutani. Mkurugenzi alifunga bomba, akasema pale pale kwamba hofu yake haikuwa matone. Alihofia kwamba baada ya Fundi Tone hatakuwepo mtu wa kugonga ukuta. Yai haliuzwi. Jumatatu tunaondoka, safari ndefu, njia nzima, na yule bibi wa majani yumo njiani.

Na Mzee wetu je? Shemeji alidhani atampata nyumbani ametulia. Tunasikitika kumfahamisha leo, hadharani, kwamba mume wake ameshalipia ganda la trela kuukuu lililokuwa likifugiwa kuku, na litafika getini kwenu wiki ijayo. Anasema ni la kwenu wawili, mtembee. Shemeji, tunakuomba usimchape mbele ya wageni.

Fundi Tone, ahsante. Ahsante kwa kila usiku wa mvua tuliolala fofofo bila kujua kwamba ulikuwa macho kwako ukiisikiliza. Ahsante kwa watu waliopimwa macho mahali pakavu. Nenda ukalitengeneze hilo banda la kuku liwe nyumba, ulipake, ulizibe, ila uache tundu la hewa. Tunakuombea afya, paa lisilovuja, na safari unazozitaka mwenyewe. Na siku ya mtihani utakapomaliza, usikae ndani peke yako. Mpe Shemeji gazeti, ushike hozi, na akigonga, ufurahi.