Amina ya Kasuku

Fundi: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa sauti, kichwa changu kiko ndani ya friji ya mteja.

Dada: Dada yako wa tumbo moja, kama bado unanikumbuka.

Fundi: Aa, dada! Shikamoo.

Dada: Marahaba. Siku tisa tangu tumzike Mama, hujapiga hata mara moja.

Fundi: Kazi, dada. Hizi friji zina—

Dada: Friji haziozi, mdogo wangu. Sikiliza. Kasuku wa Mama amegoma kula.

Fundi: Mpe karanga.

Dada: Karanga, papai, mtama! Anavitazama kama mgeni aliyeshiba kwao. Daktari wa mifugo kamkagua, kasema haumwi popote. Lakini nikimshika nagusa mifupa tu. Hafiki Jumapili huyu.

Fundi: Sasa mimi fundi friji nifanye nini? Nimjaze gesi?

Dada: Mbarikie chakula.

Fundi: Nani, mimi?

Dada: Wewe. Si kila jioni ulikuwa unampigia Mama, mnasali kabla hajagusa kijiko? Simu mezani, spika juu. Na kasuku hapewi kitu mpaka aseme amina. Jana ndiyo nimeng'amua: ikifika saa moja anashuka, anaisogelea simu yangu, anaikodolea macho.

Fundi: Si usali wewe? Wewe ndiye mwanakwaya.

Dada: Nimesali! Nikaongeza na pambio. Kanigeuzia mkia.

Fundi: [anacheka] Lakini si mnasema Mungu huwalisha ndege wa angani?

Dada: Huyu yuko juu ya cherehani yangu. Mungu kanituma mimi, na mimi nakutuma wewe.

Fundi: Dada... tangu siku ile sijasali. Nikifumba macho tu, naona—

Dada: Haloo? Upo?

Fundi: Mtandao.

Dada: Mtandao uko sawa. Basi usifumbe macho.

Fundi: Mteja ananitazama hapa.

Dada: Mwambie avue kofia.

Fundi: Haya. Haya. Bwana... tunashukuru kwa chakula hiki. Kwa karanga hizi. Uwakumbuke wasio nacho. Na yule tuliyekuwa tunakula naye... asante kwa ajili yake. Amina.

Dada: [ananong'ona] Anashuka...

Kasuku: Amina!

Fundi: Yesu wangu! Sauti ya Mama kabisa!

Dada: Usikate, hajamaliza.

Kasuku: Na huyu wangu, Bwana, mpe mke mwenye subira. Kichwa chake kigumu. Amina!

Fundi: We! Hiyo kaitoa wapi?

Dada: Ndiyo sala ya Mama ukishakata simu. Kila jioni. Alitukataza kukwambia.

Fundi: [anapenga kamasi]

Dada: Unalia?

Fundi: Nacheka. Vyote viwili. Mwambie arudie.

Dada: Hawezi, mdomo umejaa. Karanga ya tatu hii! Polepole, wewe, utapaliwa!

Fundi: Anakula?

Dada: Anakula, mdogo wangu. Anakula! Lakini salio langu ndiyo hilo linakwisha—

Fundi: Kesho nitapiga mimi. Saa moja kamili. Na wewe ukae mezani, usile umeinamia cherehani, nakujua. Msianze kabla sija—

[Tii. Tii. Tii.]