Pasta Inuka na Miguu ya Joselyne

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu ambaye sauti yake mnaijua hata kama hamkuwahi kumwona. Mchungaji Eustache Ndihokubwayo. Wengi mlimwita Pasta Inuka. Alizikwa Jumamosi hapa Kigali.

Alilelewa Buyenzi, kule Bujumbura, mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda. Huko ndiko Kiswahili chake kilikonolewa. Aliokoka akiwa kijana, akarudi Rwanda na mkewe Daphrose, wakapanga chumba Kinyinya, hapa Kigali. Alianza kuwahubiria mafundi ujenzi wakati wa mapumziko ya mchana, amesimama juu ya rundo la matofali. Chakula kilipoa mikononi mwao. Binti yake Joselyne anasema, "Papa akisema 'inuka', hata aliyesimama alitafuta namna ya kuinuka tena."

Joselyne alizaliwa nyayo zake zimegeukia ndani. Wenzake walipoanza shule, yeye alikuwa bado anatambaa. Daphrose alifua nguo za watu Nyarutarama, mtaa wa wenye nazo. Kila alipopewa ruhusa, alimfunga mtoto mgongoni, wakapanda basi hadi hospitali moja ya watawa kusini mwa nchi. Madaktari walimnyoosha miguu kidogo kidogo kwa plasta ngumu. Plasta hii ilifunguliwa, akafungwa nyingine. Wakirudi nyumbani, mama alimshika kwapani akamfundisha kukanyaga chini. Baba alikuwa kwenye mikutano. Narudia, wasikilizaji: miguu ile ilinyooshwa hospitalini, na aliyempeleka ni mama yake.

Kisha ikaja siku ya mkutano mkubwa pale Kinyinya. Pasta alikuwa akiwaombea wagonjwa. Joselyne akamwona baba yake jukwaani, akateleza kutoka mapajani mwa mama, akatembea kumfuata. Majirani waliozoea kumwona akitambaa walipiga mayowe. Mtu akanyakua kipaza sauti, akatangaza kuwa binti ya mchungaji ameponywa. Eustache alimnyanyua mtoto juu, akalia machozi. Kuhusu hospitali hakusema neno.

"Hakudanganya," anasema Joselyne. "Alinyamaza. Yaliyobaki watu walijaza wenyewe."

Jina likapaa. Kanda za mahubiri yake zilifika Goma na Bujumbura. Leo zimo kwenye simu zenu. Na katika kila mkutano Joselyne alipandishwa jukwaani, atembee huku na huko, watu waone.

Miongoni mwa walioona alikuwa Trinah, mama kijana. Mwanawe Bruce alizaliwa na miguu kama ile, na alikuwa tayari kwenye plasta. Usiku huo wa kumwona Joselyne, Trinah alirudi nyumbani, akazikata plasta kwa mkono wake, akaiachia imani. Miguu ilirudi ilikotoka. Bruce ni mtu mzima sasa. Anatembelea magongo.

Habari zilipomfikia Daphrose, alimfuata mumewe chumbani. Joselyne alisikia kila kitu.

"Baba Joselyne, waambie watu ukweli."

"Nikisema, watu watamwacha Mungu."

"Mungu hana shida. Mwenye shida ni mtoto wa Trinah."

Mkutano uliofuata, mchungaji alimpandisha Joselyne jukwaani tena. Daphrose akaacha kwenda kanisani. Alifariki miaka michache iliyopita, akazikwa na watu wasiojaza hata hema moja.

Mwaka jana, sukari ikiwa imemmaliza nguvu, Eustache alipanda madhabahuni akasema, "Joselyne hakuponywa na maombi yangu. Mama yake ndiye..." Kipaza sauti kikazimwa. Askofu wa kanisa lake, Johnson Ntare, aliwaambia waumini kwamba mzee anaumwa, anachanganya mambo. Eustache hakupewa tena nafasi ya kuhubiri. Picha yake, hata hivyo, haikushushwa langoni mwa kanisa.

"Nilimhurumia," anasema Joselyne. "Lakini alichelewa. Mama alishakwenda bila kusikia neno hilo."

Jumamosi, mazishini, askofu alimwita Joselyne. "Muujiza wetu, njoo utembee mbele ya jeneza la baba yako." Joselyne alibaki pale pale aliposimama. Akasema kwa sauti yake tu, bila kipaza sauti, "Nilitembea kwa sababu mama yangu Daphrose alinibeba mgongoni hadi hospitali. Mtajeni naye." Kabla hajamaliza, kwaya ikaanza kuimba. Waliokaa mbele wakapiga makofi. Walidhani ni ushuhuda.

Nyuma ya hema, Trinah alikuwa akimngoja.

"Ulijua," akamwambia.

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Ulikuwa mtoto. Halafu ukakua."

 Mpaka tulipozungumza naye jana, Joselyne bado alikuwa akiyarudia maneno hayo.

Wasikilizaji wapendwa, Pasta Inuka aliwatoa wengi ulevini, akapatanisha waume na wake zao. Hilo hatumnyimi. Lakini sifa iliyomfikisha mbali haikuwa yake, na mwenye nayo alikufa bila kutajwa. Tukae tujipime. Tunaponyamaza ili tuendelee kusifiwa, kuna mtu mahali fulani anakata plasta.

Kwa Joselyne na jamaa wote, poleni sana. Kwa Trinah na Bruce, ambao hakuna aliyewapa mkono wa pole, poleni nanyi. Wafiwa wanapokea wageni nyumbani Busanza. Joselyne ametuomba tuwafikishie jambo moja: ukifika, karibu, keti, kunywa chai. Usimwombe atembee.