Sakafu ya Oddvar Bado Ina Bonde

Baada ya miaka thelathini na sita ya kupiga magoti, mwenzetu Oddvar Myrstad anastaafu rasmi tarehe 31 Machi. Ofisi imeniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu.

Alianza na mashine ya kusaga vinundu vya zege, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Hapa mjini Drammen sijui mtaa ambao hajasawazisha sakafu ya chumba cha chini kabla mbao hazijalazwa. Pima maji alikuwa nayo, lakini kwanza alilala kifudifudi, shavu kwenye zege, akamulika tochi kutafuta vivuli. Mama mmoja alimkuta hivyo akaita gari la wagonjwa. Oddvar aliwapa wauguzi kahawa yake.

Kazi hiyo imemlia magoti yote mawili. Leo hawezi kushuka ngazi.

Kwetu anayestaafu hupewa Jumamosi moja ya wenzake, wamfanyie kazi nyumbani kwake. Oddvar aliomba sakafu ya chumba chake cha chini, ambako mkewe, Turid, anataka kuweka mtambo wake wa kufumia tangu watoto wahame. Wote waliitikia. Jumamosi ilipofika, bosi wetu Kjartan akawapeleka kazini kwa daktari wa meno anayetaka chumba cha sinema chini ya nyumba yake. Nilifika mimi tu, wa stoo, na mifuko ya mchanganyiko wa saruji wa kusawazishia sakafu.

Turid alikuwa ameoka keki za vafeli za watu wanane. Zilipopoa, alifunga kitambaa kichwani akashuka na ndoo. Oddvar alikaa ngazi ya juu kabisa.

"Maji mengi hayo, Turid! Mimina, sambaza, usisimame!"

"Basi shuka wewe unionyeshe!"

Oddvar akatumulikia tochi kutoka juu. Mimi nilichanganya, Turid akapiga magoti na mwiko, lakini wawili hatukutosha. Mchanganyiko uliganda kabla hajausawazisha wote, ukaacha bonde katikati.

Leo Kjartan atamkabidhi Oddvar pima maji iliyopakwa dhahabu, na picha zitapigwa. Mimi naona aibu, na nadhani si peke yangu.

Oddvar, ahsante kwa kila sakafu tunayoikanyaga bila kujikwaa. Tunakuombea siku njema nyumbani, wewe na Turid, ambaye Jumamosi hii anashuka tena kuanza upya. Magoti yake bado ni mazima.