Bi Simamisha na Zile Kilomita Mia na Kumi na Nane

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magunia, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda. Mama yake alishona magunia kwa sindano ndefu iliyopinda, na binti alijifunza kuishika sindano hiyo kabla ya kujifunza kushika kalamu. Dada yake mkubwa, tuliye naye hapa leo, anakumbuka siku ambayo marehemu, akiwa na miaka minne, alishona gunia na gauni lake mwenyewe kwa uzi mmoja, akainuka, akaliburuta gunia zima hadi jikoni kuomba maji ya kunywa. Alipoulizwa kulikoni, akajibu, "Linanifuata."

Alianza darasa la kwanza Januari 1960 na kumaliza la nane mwaka 1967. Januari 1968 alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni ya wasichana, safari ya kilomita mia tatu na kumi kwa basi. Wengi wenu mnaijua barabara ile. Mnajua pia kwamba katikati yake, baina ya mji wa daraja na mji wa stesheni, kulikuwa na kilomita mia na kumi na nane za nyika tupu, majani mafupi kulia, majani mafupi kushoto, tambarare kama kiganja. Mwanamume aliweza kusimama nyuma ya basi akamaliza shida yake. Mwanamke hakuwa na pa kujificha.

Katika safari ile ya kwanza, marehemu alikwenda mbele mara mbili kumwomba dereva asimame. Mara ya pili dereva alimjibu bila kugeuka: "Vumilia, binti. Mbele kuna mji." Mji ulikuwepo kweli, ila ulikuwa mbele kwa saa mbili. Alifika shuleni sweta la sare amelifunga kiunoni, akaliacha hapo mpaka usiku wa kulala, na hakumwambia mtu yeyote sababu yake kwa miaka saba. Tunalitaja leo kwa sababu mwenyewe alitaka litajwe. "Msinionee haya nikiwa nimekufa," alisema, "mimi mwenyewe nilishamaliza kuona haya." Alihitimu kidato cha nne Novemba 1971, akiwa wa pili darasani katika hesabu.

Tarehe 7 Februari 1972 aliajiriwa katika gereji ya kampuni ya mabasi, kitengo cha viti, chumba kirefu chenye madirisha ya waya, harufu ya gundi, na vumbi la sponji lililokaa kwenye nyusi za kila aliyeingia. Alifanya kazi humo miaka thelathini na sita. Alikuwa fundi wa kukata reksini, ile ngozi bandia ya viti, kwa jicho, bila chaki. Lakini kipaji chake hasa kilikuwa kusoma viti. Kiti kilichobonyea katikati, alisema, kimekaliwa na mtu aliyelala. Kilichobonyea pembeni, kimekaliwa na wapendanao. Na viti vya mabasi ya njia ile ya nyika vilirudi vimebonyea ukingo wa mbele tu, safu kwa safu, kwa sababu abiria walisafiri wamekaa nchani, magoti yamebanwa. Vingine vilirudi na unyevu.

Ndipo siku moja ya Mei 1975 akakichomoa kiti namba kumi na nne, akapanda nacho ngazi, akakiweka juu ya meza ya meneja.

"Nini hiki?" akauliza meneja.

"Kiti, bosi."

"Naona ni kiti. Kinafanya nini mezani kwangu?"

"Kimekuja kulalamika. Kinuse."

Meneja hakukinusa, ila alisikiliza. Marehemu akamweleza yote, hata habari ya sweta. Mwisho meneja akacheka, si kwa ubaya, akasema: "Sasa binti, basi litasimama wapi kule, juu ya panzi? Nitafutie mahali pazuri pa kusimama katika zile kilomita mia na kumi na nane, mahali ambapo hata wewe utashuka, nami nitasimamisha mabasi yote."

Meneja alisema hivyo ili kumaliza mazungumzo. Marehemu alishuka ngazi na kiti chake kichwani kama mtu aliyepewa cheo. Tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja la kutafuta, na kila aliyemfahamu alilijua. Madereva wakambandika jina la Bi Simamisha, akalipokea kwa mikono miwili.

Alikutana na mumewe katika chumba hichohicho cha viti. Mwanamume huyo alikuwa dereva wa lori la saruji, mweupe kwa vumbi toka utosini hadi kwenye kope, amekuja kuomba ashonewe siti iliyomuumiza mgongo. Kila mtu alimwita Baba Saruji hata kabla hajawa baba wa mtu. Marehemu alimuuliza swali moja tu: "Njia yako ni ipi?" Alipoitaja, siti ikashonwa siku hiyohiyo. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 13 Agosti 1977, na Jumatatu wakaondoka kwa fungate ndani ya lori, tani kumi za saruji nyuma yao. Katika nyika ile bibi harusi alimsimamisha bwana harusi mara saba.

"Mke wangu," akasema Baba Saruji mara ya saba, "hii ni fungate au ukaguzi?"

"Vyote viwili. Simamisha."

Mungu aliwajalia watoto wanne, na wote wanne walikulia katika utafutaji huo. Kila likizo walipanda lori. Walijifunza kwamba mama yao, tofauti na wasafiri wengine, hakuanza na chakula. Alikwenda moja kwa moja kutazama mlango wa choo kama una komeo kwa ndani. Aliwaambia: dereva akivua viatu mahali, hapo pana usalama; mpishi asipokula chakula chake, panda gari. Alipenda kivuli cha mchana, si cha asubuhi, maana asubuhi kila mahali ni pazuri. Palipatikana kivuli, kikawa kwenye kona kali ambapo miti yenyewe inazuia magari kuonana. Palipatikana kisima, maji yakawa ya chumvi. Mwaka 1989 palipatikana choo kipya cha matofali, wakashangilia, kisha ikajulikana kwamba mwenye ufunguo hufunga saa nne asubuhi na kwenda nao shambani. "Huyu," alisema marehemu, "amejenga choo cha kutazama."

Alistaafu tarehe 31 Machi 2008, mahali hapajapatikana. Waliomtania walikuwa wengi. Naye aliwatania, na kila aliyetoka safari alimuuliza alichokiona njiani.

Mwaka 2016 moyo wake ulianza kuchoka. Madaktari wa hospitali kubwa walimpa vidonge vya kutoa maji mwilini, ameze kila asubuhi bila kukosa, na kliniki ikawa kila mwezi, ng'ambo ya nyika ileile. Hapo shida aliyoitafutia dawa kwa ajili ya wengine ikamrudia mwenyewe, akiwa na miaka sitini na tatu. Vidonge vile vilimtaka ashuke kila baada ya nusu saa. Hakuwa na pa kushukia. Akaanza, kimyakimya, kuviacha siku za safari. Februari 2018 alianguka kwenye korido ya kliniki, miguu imevimba kama mito ya kulalia.

Daktari, kijana mkali mwenye huruma, alimwambia mbele ya mumewe: "Mama, ukiviacha tena hivi vidonge, hatutazungumza mara nyingine."

"Daktari, nikivimeza sifiki."

"Basi chagua."

Walirudi nyumbani. Asubuhi yake Baba Saruji alikutwa uani anajaza upepo matairi ya pikapu. "Tumetafuta miaka arobaini kwa mzaha," alisema. "Safari hii tunatafuta kweli."

Jumamosi, tarehe 17 Machi 2018, waliipita nyika yote kwa mwendo wa baiskeli, malori yakiwapigia honi. Mambo yalikuwa yamebadilika. Barabara ilipanuliwa mwaka 2009, na vibanda vichache vilikuwa vimechipuka. Kila mahali palipostahili kuonwa tena saa nyingine, marehemu alifunga kipande cha reksini nyekundu, masalia ya viti vyake. Alifunga vitano. Cha tatu alikifunga kwenye nguzo ya banda la chai katika kilomita ya sitini na moja, mwenye banda akiwa amekwenda kuchanja kuni.

Waliporudi Jumamosi, tarehe 31 Machi, banda halikuwepo. Mabati yalipangwa chini, masufuria yalifungwa kwa kamba, na muuza chai, mama mnene mwenye mwanya, alikuwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, mikono kifuani.

"Dada, unahama?" akauliza marehemu.

"Nahama kwa raha gani? Si nyinyi serikali mmenifunga alama nyekundu ya bomoabomoa? Nikasema hapana, mabati yangu hayavunjwi na tingatinga. Nimejibomoa mwenyewe! Sasa leteni hilo tingatinga lenu lije lipige miayo!"

Baba Saruji aligeuka akajifanya anakagua tairi. Marehemu alitamani ardhi immeze. Akapiga magoti kuomba radhi, akaeleza habari ya reksini, ya viti, ya vidonge. Muuza chai akaanza kucheka, mwanya wote nje, mpaka beseni likateleza.

"Yaani nimevunja nyumba kwa ajili ya kitambaa cha kiti!"

Lakini marehemu hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa anatazama nyuma yake. Pale banda lilipokuwa limeziba, sasa palionekana wazi uwanja mpana uliosawazishwa, umejificha nyuma ya magugu. Ilikuwa kambi ya zamani ya wajenzi wa barabara, waliyoihama bila kuaga. Miarobaini yao, ambayo toka barabarani ilionekana kama kichaka tu nyuma ya banda, ilikuwa imesimama mirefu, imemwaga kivuli kizito, na ilikuwa saa nane mchana. Kulikuwa na pampu ya mkono. Kulikuwa na sakafu za zege za vyoo vinne, kuta hazipo, mashimo mazima.

Akaanza kukimbia.

"Baba Saruji! Njoo! Njoo uone! Uwanja! Malori yanageuka hapa! Kivuli cha mchana! Njoo upampu!"

"Wewe mgonjwa wa moyo, tembea!"

"Moyo ndio unaokimbia, mimi naufuata tu!"

Mumewe akapampu mara ishirini na tatu. Yakatoka matope, yakatoka maji mekundu, kisha maji meupe. Marehemu akakinga kiganja, akaonja, akafumba macho. Hayakuwa na chumvi. Akamkumbatia muuza chai kwa mikono iliyolowa, nao wakaruka pamoja, watu wazima wawili, mmoja mgonjwa na mmoja hana nyumba.

Banda lilijengwa upya kwanza, kama haki ilivyotaka, safari hii pembeni ili uwanja uonekane toka barabarani. Mafundi wastaafu wa gereji walikuja na vifaa vyao bila kuitwa mara mbili. Mtoto wa kwanza alijenga kuta za vyoo, wa pili akatengeneza milango, na marehemu, akiwa ameketi chini ya mwarobaini, alikataa makomeo matatu kabla ya kukubali la nne. Palifunguliwa Jumamosi, tarehe 2 Juni 2018. Wiki hiyo marehemu alimeza vidonge vyake vyote na kufika kliniki akiwa mkavu na mwenye majivuno.

Likabaki deni la ahadi. Alipanda ngazi zilezile hadi ofisi ya meneja, ambaye sasa alikuwa mwanamke aliyezaliwa baada ya yale maneno kusemwa.

"Mama, aliyekuahidi alishastaafu," akasema meneja kwa upole.

"Yeye amestaafu, mwanangu. Ofisi bado ipo kazini."

Kuanzia Jumatatu, tarehe 3 Septemba 2018, kila basi la kampuni lilisimama pale robo saa. Mwaka uliofuata kampuni nyingine zikafuata.

Kwa vidonge vile, marehemu aliongezewa miaka sita. Safari yake ya mwisho ya kliniki ilikuwa Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024. Alishukia pale akiwa dhaifu, akakaa kwenye benchi. Mabasi matatu yalikuwa uwanjani, madereva wawili wamevua viatu. Mama mmoja abiria, mtoto mgongoni, alitoka msalani akimpungia mkono dereva asubiri. Akamwona bibi mgonjwa peke yake, akamwinamia.

"Bibi, umesafiri mbali? Hapa ndipo pazuri pa kupumzika. Mwambie dereva wako kila mkipita asimame hapa. Watu wengi hawapajui."

Baba Saruji alifungua mdomo kumweleza yule mama anazungumza na nani. Marehemu akamfinya paja.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Nitamwambia."

Basi lilipoondoka alicheka mpaka akafuta machozi. "Umesikia?" akamwambia mumewe. "Amenielekeza!" Alilirudia neno hilo nyumbani kwa kila aliyekuja kumjulia hali, na kila mara lilimpa rangi usoni. Alifariki kitandani mwake Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa tano na dakika arobaini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Alikuwa na miaka sabini na moja.

Ameacha mume, Baba Saruji, dada wawili na kaka mmoja, watoto wanne, ambao ni mwashi, seremala, mwalimu na dereva wa gari la wagonjwa, wakwe wanne, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja wa miezi mitano, na muuza chai wa kilomita ya sitini na moja, aliyeomba aandikwe miongoni mwa ndugu, na familia imekubali kwa furaha.

Mwenyezi Mungu ampokee. Apumzike kwa amani, na asiwepo wa kumpigia honi.