Historia ya Marehemu Dkt. Nathanael Mbise na Kirusi Chake cha Maharage

Mchungaji wetu, wazee wa ukoo, ndugu na majirani, poleni kwa msiba, mimi ni Nashipae, mjane wa marehemu, shemeji zangu walitaka kusoma historia hii lakini nimewakatalia, kwa sababu wao wangewasomea vyeti tu.

Marehemu Dkt. Nathanael Eliud Mbise alizaliwa hapa Kikwe tarehe 14 Machi 1971, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1979 hadi 1985, sekondari Arusha mjini, kisha chuo kikuu Morogoro, na mwaka 1997 akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa mazao, akadumu huko hadi mwisho.

Tarehe 2 Januari 1999 tulifunga ndoa usharikani kwetu Oldonyo Sambu, baada ya wazee wetu kumhoji ukoo wake hadi kwa babu wa babu, kwa kuwa kwetu binti hapewi mtu asiyejulikana atokako, na Mungu akatujalia Lesian na Maria.

Mwaka 2016 akaja mke mwenza. Maharage yangu ya nyuma ya nyumba yalikunjamana majani yakapata mabaka ya njano, marehemu akayatazama kwa macho tu na kuwatangazia majirani kwamba ni kirusi kile cha zamani, tukang'oa, tukapanda mbegu inayokihimili, nayo ikaugua vile vile, akaona aibu, akaniambia amempokea mgeni kwa sura bila kumuuliza ukoo. Tangu hapo hakuwa wangu, alisoma vinasaba vyote vya kirusi hicho mwanzo hadi mwisho, akavilinganisha na vya virusi vya nchi nyingine, Krismasi mimi nageuza nyama ya mbuzi yeye yuko maabara, na mwaka 2019 akathibitisha kuwa ni kirusi kipya, binamu wa mbali tu wa kile cha zamani. Alipotakiwa kukipendekezea jina nilijifanya sijali huku nimetega masikio, akakiita Kikwe, wala si Nashipae, nikaumia, na bado naumia.

Oktoba 2023 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara mbili, na hata pale kitandani, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, alimuuliza Lesian kama maharage yameshachanua. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani kwa kuni, maturubai na kukesha nasi, na ninyi wenzake wa maabara pia nawashukuru, ingawa mlimfaidi kuliko mimi.

Baba Lesian, jina lako litabaki vitabuni pamoja na la kirusi chako, wageni watawasoma ninyi wawili, na hilo sina la kulifanya, ila kaburi lako liko hapa mgombani kwangu, na nafasi iliyobaki ubavuni pako ni ya mtu mmoja tu. Pumzika kwa amani.